Macho ya Sindano

Kabla sijajua kusoma, Rhotia yetu ilikuwa imeshakubaliana kwamba hakuna mtoto mwenye macho makali kama mimi. Wanawake walikuja kwetu jioni na sindano zao, jua likianza kuingia nyuma ya msitu wa Ngorongoro, wakati ambapo ndani ya tembe letu mwanga ulikuwa umebaki mlangoni tu. Nilikaa hapo mlangoni, nikaisogeza sindano mpaka karibu iguse pua, nikapitisha uzi mara moja. Walifurahi, wakanipa kipande cha muwa, wakasema nina macho ya sindano.

Funza nao walinipa sifa. Miaka ile ya sabini tulilala paa moja na ng'ombe na mbuzi, na vumbi la ndani lilikuwa shamba la funza. Watoto waliletwa wakichechemea. Niliushika mguu, nikauinamia mpaka nywele zangu zikagusa vidole, nikamtoa funza na mfuko wake wa mayai mzima bila kuupasua. Mama zao walikuwa wakisimama nyuma yangu hawaoni hata ninachokitafuta. Baba akanikabidhi na maharage ya mbegu. Nilichambua peke yangu, kwa sababu niliona tundu la mdudu bungua ambalo wengine walilipitisha vidoleni mwao wakasema punje ni nzima.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto huyu anainama namna ile. Walidhani ni bidii.

Na mimi ningejuaje? Niliamini kwamba dunia ya kila mtu inaishia pale yangu inapoishia, hatua chache mbele ya miguu, na baada ya hapo ni rangi tu. Kijani ilikuwa shamba, nyekundu ilikuwa njia, nyeupe inayosogea ilikuwa mtu au mbuzi, na ungojee ikukaribie ndipo ujue ni yupi. Watu waliposema "tazama kule", niligeuza shingo kama wao. Nilidhani na wao wanageuza shingo tu.

Taabu yangu ya kwanza ilikuwa salamu. Kwetu watu wanaamkiana kutoka ng'ambo ya korongo. Mtu mzima akitokea upande wa pili na jembe begani, mtoto ndiye anayetakiwa kumwahi, apaze sauti, asimame mpaka ajibiwe. Mimi nilipita kimya. Nilisikia majani yakichakarishwa upande wa pili, sikujua ni ng'ombe au ni nani, nikaendelea na safari yangu. Malalamiko yakaja nyumbani. Jirani mmoja, mama mnene mwenye kupenda maneno, alimwambia mama yangu mbele yangu, "Mtoto anayeona yai la funza, atashindwaje kuniona mimi na mwili wote huu?"

Watu walicheka. Mama yangu hakucheka, alinifinya sikio. Tangu siku hiyo nikaitwa mringaji. Kwao hesabu ilikuwa rahisi sana: anayeona kitu kidogo hawezi kushindwa na kikubwa, kwa hiyo asipokusalimia amekudharau. Ningekuwa nakosa vyote viwili, karibu na mbali, wangenihurumia mapema na huenda mtu angenitafutia dawa. Sifa ndizo zilizonimaliza.

Halafu likaja suala la nyani. Shamba letu lilikuwa chini ya msitu, na mahindi yakianza kubeba, nyani walishuka kila siku. Baba alijenga dungu katikati ya shamba, akanipandisha na kopo la kupiga. Kwa akili yake alikuwa amechagua mlinzi bora kuliko wote. Nilikaa juu ya dungu nikitazama kijani. Upepo ulipopita, kijani kilitikisika. Nyani walipoingia, kijani kilitikisika vilevile. Nilipiga kopo kila kilipotikisika, mpaka nyani wakanizoea, nadhani, wakawa wanakula huku nikiwapigia ngoma. Siku moja nilisikia hindi likikwanyuliwa chini ya miguu yangu kabisa, nikainama, nikaona uso. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Baba alikuja mbio akakuta mahindi ya ukingo wote wa juu yamevunjwa. Akakata fimbo.

"Uliwaona?" aliniuliza.

"Sikuwaona, baba."

"Macho yanayoona mguu wa funza hayaoni kundi la nyani?"

Hata leo nikilikumbuka swali lile, nakasirika. Ningesema nini? Mtu hawezi kueleza kitu ambacho hajawahi kuwa nacho. Alinichapa mpaka mama akamshika mkono, na jioni hiyohiyo akaja mwanamke na sindano yake, nikamtungia uzi huku nikitweta kwa kilio.

Shuleni nilikaa mbele, halafu nikahamishwa nyuma kwa sababu nilikuwa mrefu. Darasa lilikuwa limejaa. Ndio mwaka serikali ilipotuingiza watoto wote shuleni kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Ubao kwangu ulikuwa mweusi tu. Nilijifunza kwa masikio na kwa kuchungulia daftari la jirani, na kwa hilo la pili nilichapwa tena. Mwalimu wa kike aliyehamia kutoka Mbulu ndiye aliyeshtuka. Alinikuta nasoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti ya mbegu, pakiti imenigusa pua. Akaniongoza mpaka mlangoni akaniuliza bendera ya shule ina rangi gani. Nikamuuliza iko wapi.

Alifika nyumbani kumwambia baba kwamba sioni. Baba alimkaribisha kiti, akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akaniita, akanipa sindano na uzi. Nikatunga. "Umeona, mwalimu?" alisema. Mwalimu alibaki ameishika bilauri ya maziwa. Nilimchukia baba siku ile kwa namna ambayo mtoto hatakiwi kumchukia baba yake, na nilijichukia mimi kwa kuutunga ule uzi. Ningeweza kuukosea makusudi. Lakini nilikuwa na sifa moja tu duniani.

Mama ndiye aliyeamua. Kaka yake, mjomba wangu, alikuwa utingo wa lori lililopeleka mahindi Endulen, kwa wafugaji, maana ndani ya hifadhi kulima kulikuwa kumekatazwa. Mjomba alikuwa amesikia kwamba katika hospitali ya misheni huko kumekuja daktari wa macho wa kupita. Mama alimwambia baba tunakwenda kumjulia hali huyo mjomba, shemeji yake. Tukapanda juu ya magunia.

Lori lilipofika ukingoni mwa kreta, watu wote juu ya magunia wakageuka. "Nyati wale," wakasema. "Na ziwa lile pale, linang'aa." Wazungu walikuwa wamesimama kando ya barabara na darubini, wamevuka bahari kuja kutazama. Mimi niliyezaliwa nyuma tu ya mlima huo niliona buluu juu na buluu chini. Mama alinishika bega akaniuliza taratibu, ili wengine wasisikie, "Hata ziwa hulioni?" Nikamjibu kwa neno letu la mama, "Ziwa gani, ayo?" Hakuuondoa mkono begani mwangu njia yote iliyobaki. Nadhani hapo ndipo alipoamini.

Daktari alinitia matone, akaningojesha kwenye benchi pamoja na wanawake wa Kimaasai wenye trakoma, mpaka mwanga ukaanza kuniumiza. Kisha akaniingiza chumba cha giza, akanimulika ndani ya jicho kwa muda mrefu. Muuguzi ndiye aliyetafsiri. Alisema jicho la watu wengi ni la mviringo, langu limerefuka kwenda nyuma kama yai. Kwa kuwa limerefuka, ile ngozi laini ya ndani inayopokea picha imevutwa, imekuwa nyembamba, na pembeni imeanza kuwa na mabaka yaliyochakaa. Mshipa unaochukua picha kupeleka kwenye ubongo nao umevutwa. Unaingia jichoni kwa kuinama, na kandokando yake pamebaki peupe kama mwezi mchanga. Ndiyo sababu naona cha puani na sioni cha mbali.

Mama aliuliza swali moja. "Kilichorefuka kitarudi?"

"Hakirudi," muuguzi alijibu baada ya kumsikiliza daktari. "Miwani itamsaidia kuona. Jicho lenyewe halitengenezwi na miwani." Kisha akatutazama wote wawili akatuambia maneno ambayo niliyashika kama Baba Yetu: nisibebe mizigo mizito, nisipigwe kichwani, na siku nikiona umeme unamulika jichoni, au masizi yanaelea, au kama pazia linashuka, nisingoje. Niende hospitali kubwa siku hiyohiyo. Ngozi ile inaweza kubanduka, na ikikaa imebanduka, inakufa.

Miwani yenyewe ilitoka kwenye boksi la misaada, miwani ya wazungu waliokufa au waliochoka nayo. Alinijaribisha moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye nene kuliko zote, yenye fremu nyeusi ya mzee. Nilimtazama mama. Nilikuwa sijajua kwamba ana kovu juu ya nyusi ninaloweza kuliona akiwa amesimama mlangoni.

Wakati wa kurudi nilimwomba mjomba anigongee bodi lori lisimame ukingoni. Dereva alisimama kwa dakika chache akilalamika. Niliona ziwa. Niliona kwamba mti una majani mpaka juu kileleni, majani mojamoja. Niliona vile vidoti vyeusi vikisogea, wakaniambia ndio nyati. Kila mtu anadhani nilifurahi. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nafikiria fimbo zote zile.

Baba hakuniomba radhi. Aliitazama miwani akasema, "Binti na miwani, kama karani." Ilinifaa mwaka mmoja na kitu wa mwisho wa shule, lakini ilikuwa imekuja kwa kuchelewa, sikuchaguliwa kuendelea na sekondari. Nikarudi kwenye maharage.

Na maharage ndiyo yaliyonioza. Familia moja ya Karatu ilikuwa imesikia habari za msichana wa Rhotia mwenye macho ya sindano, mchapakazi, asiye na maneno mengi. Mama wa kijana alikuja mwenyewe pamoja na wazee wake. Asubuhi ya siku hiyo baba alinivua miwani kwa mkono wake, akaiweka juu ya dari. "Mpaka wageni waondoke," alisema. Nikaketishwa mlangoni na ungo wa maharage. Yule mama alikaa karibu nami, akanitazama ninavyochambua, akachukua punje moja niliyoitupa, akaizungusha sana mpaka akaliona tundu. Alicheka kwa kuridhika. Sura yake nilikuja kuiona vizuri baada ya harusi.

Sijui walitarajia nini, kwamba ningeishi maisha yote bila kuivaa? Siku ya tatu ya ndoa niliitoa kwenye khanga nikaivaa ili nione njia ya kisimani. Mama mkwe aliweka ndoo chini. "Kumbe tumepewa kipofu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua imekatika.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mhudumu katika hoteli ya kule juu ukingoni, alirudi mwisho wa mwezi, na akirudi alimsikiliza mama yake. Mama mkwe alikuwa na nadharia yake, na aliieleza kwa kila aliyepita: miwani ndiyo inayoninyonya macho. Ushahidi wake ulikuwa kwamba nikiivua napapasa ukuta, na kabla ya kuwa na miwani nilikuwa natoa funza Rhotia nzima. Ukimwambia macho yangu yalikuwa hivyo tangu mwanzo, alikuwa anakuuliza, "Na zile sindano?" Sindano tena. Nilishindwa naye kama mwalimu alivyoshindwa na baba.

Ili kuyapumzisha macho yangu, akaificha miwani ghalani. Mtu mwingine akashusha gunia juu yake. Kioo kimoja kilikuwa vipande, kingine kimepata ufa katikati. Ilikuwa miaka ile sabuni na chumvi vinapatikana kwa kujuana, khanga inatafutwa kwa siri. Nani angenipatia kioo kinene vile? Nilikifunga kile kimoja chenye ufa kwa uzi, nikawa natazama nacho kama mtu anayechungulia dirishani, mpaka nacho kikaanguka kipande kimoja baada ya kingine. Mama mkwe hakuomba radhi. Alisema, "Afadhali, sasa yatapona."

Kuni nilibeba. Kwetu mzigo unaning'inizwa mgongoni kwa mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayovuta. Niliwaambia maneno ya daktari. Mama mkwe aliniambia kwamba yeye amebeba tangu akiwa mtoto, na macho yake anayo.

Siku niliyoona umeme nilikuwa natoka msituni na mzigo mgongoni. Ulimulika pembeni ya jicho la kushoto, mara ya kwanza, mara ya pili, na mbingu ilikuwa kavu. Jioni masizi yakaanza kuelea. Nililia kabla hata ya kuumwa, maana nilijua. Nilimwambia mama mkwe ni lazima niende hospitali kesho. Tulikuwa katikati ya kuvuna.

"Ni moshi wa jikoni," alisema. "Ngoja mahindi yaingie ndani."

Nilimtumia mume wangu ujumbe kwa dereva wa hoteli. Akajibu kupitia dereva huyohuyo kwamba mama amesema ni moshi, nivumilie, anakuja mwisho wa mwezi. Nilikuwa na mimba, sikuwa na nauli, na nyumbani kwa baba ningekuta nini? Nikavuna. Pazia lilianzia chini, karibu na pua, likapanda kidogo kila siku. Nilikuwa nafumba jicho la kulia asubuhi kupima limefika wapi. Wakati mahindi yanaingia ghalani, lilikuwa limefika juu.

Mume wangu alipokuja alinipeleka mwenyewe hospitali kubwa ya mjini Moshi. Daktari wa huko alitazama kidogo tu kisha akakaa. Alimuuliza mume wangu, hakuniuliza mimi, "Mmekaa naye nyumbani muda gani hivi?" Ngozi ilikuwa imebanduka yote na kufa. Akasema jicho lililobaki ni refu vilevile, jembamba vilevile, na mshipa wake umeinama vilevile, tulilinde kama roho. Ndani ya basi la kurudi mume wangu alilia, kichwa amekiegemeza kwenye kioo. Sikumbembeleza. Watu husema machungu hupungua na umri. Yangu nimeyaangalia, yapo.

Baada ya hapo sikubeba kuni tena, na hakuna aliyethubutu kunibebesha. Mume wangu alinitafutia miwani nyingine kupitia mgeni mmoja wa hotelini, nikaizungushia kamba shingoni, nikaoga nayo, nikalala imefungwa kwenye mkono. Mama mkwe alikuwa ananikwepa kwa macho. Hakusema neno juu ya moshi wala juu ya mahindi. Nilingoja alitamke hata mara moja, tukiwa wawili tu jikoni. Aliongea habari za mbuzi.

Binti yangu wa mimba ile alipofikisha umri wa karibu kuanza shule, mama mkwe alianza kuchangamka upya. Alikuwa akimweka mtoto mlangoni na ungo. Nilisikia kicheko chake nikiwa nyuma ya nyumba nafua. Majirani walikuwa wamekuja. Mmoja alileta sindano.

"Njooni muone mjukuu wangu," mama mkwe alikuwa anasema. "Ametunga mara moja. Huyu amechukua macho ya mama yake, yale ya zamani, kabla ya miwani."

Nilikuja na mikono ina povu. Mtoto alikuwa ameinama, sindano iko puani, mgongo umepinda kama wangu ulivyokuwa ukipinda. Alikuwa anatabasamu. Nilijua hilo tabasamu. Ni la mtoto mwenye sifa moja.

Ningeweza kupiga kelele. Badala yake nilimwambia mama mkwe, kwa heshima niliyofundishwa, "Mama, hebu nitazamie barabarani. Nani yule anakuja?"

Alikinga jua kwa mkono. "Si mume wako? Amebeba mkungu wa ndizi kwenye baiskeli. Ameshafika kwenye ule mti wa mgrevilea."

"Sasa muulize mjukuu wako."

Hakuelewa. Alimsimamisha mtoto kwa upendo, akamgeuza mabega, akamnyooshea kidole. "Haya, mwambie mama. Baba amebeba nini pale barabarani?"

Mtoto alikunja uso. Alifinya macho, akasogeza kichwa mbele, akakirudisha. Akageuza shingo kule sisi tulikogeuza. Majirani walikuwa wameacha kucheka.

"Barabara ipi, bibi?" aliuliza.

Kengele ya baiskeli ililia, mume wangu akitusalimu kwa mbali, na mtoto akaitikia upande usio wa barabara. Mama mkwe alinyoosha mkono akanishika wangu, wenye povu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nikautoa mkono wangu, nikaingia ndani kutafuta viatu vya mtoto vya kwendea hospitali.